Siku Moja ya Wawili: Bagamoyo au Tanga?

Mpwa wangu alioa Mwanza mwishoni mwa mwaka juzi, na miezi michache baadaye akanipigia simu akitaka nimchagulie mji wa pwani ambao yeye na mkewe wangeweza kuutembelea kwa siku moja wakiwa likizoni Dar es Salaam. Alitaja miji miwili tu, Bagamoyo na Tanga, kwa sababu Zanzibar walikwisha kuitengea safari yake na Kilwa waliiona mbali. Swali hilo nyumbani kwangu si dogo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Chumbageni, mke wangu ni wa Bagamoyo, na kila mmoja wetu ana yakini kwamba mji wa mwenziwe umesifiwa kupita kiasi. Ninayoyaandika hapa yametokana na mabishano hayo, pamoja na safari mbili ambazo vijana hao hatimaye walizifanya, moja kwa kila mji. Msomaji ajue mapema kwamba mizani hii imeshikwa na mtu wa Tanga, ingawa mke wake alikuwa akichungulia begani.

Tofauti inayoamua mengi ni ya umbo la miji yenyewe. Bagamoyo ni mji mdogo wa Mkoa wa Pwani ambao vivutio vyake vingi vimepangana kando ya ufuko, kiasi kwamba watu wawili wenye viatu vizuri na chupa ya maji wanaweza kuumaliza mji mkongwe kwa miguu kabla ya adhuhuri. Tanga ni jiji tangu 2005, na ingawa katikati yake panapitika kwa miguu bila taabu, mambo yanayomvuta mgeni yametawanyika: mapango yako kaskazini kwenye njia ya Mombasa, magofu yako kusini kwenye njia ya Pangani, na fukwe za kupumzikia ziko upande wa rasi. Anayependa kutembea huku akizungumza na mwenzake, akisimama mlangoni mwa nyumba moja na kuendelea hadi nyingine, atapendezwa na Bagamoyo. Asiyekerwa na kupanda na kushuka bajaji, na anayetaka kila kituo kiwe na sura tofauti na kilichotangulia, atapendezwa na Tanga.

Safari yenyewe

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kilomita 70 hivi, na daladala za Makumbusho huwafikisha watu huko asubuhi na kuwarudisha jioni. Tanga iko mbali, takriban kilomita 350 kwa barabara inayopita Chalinze na Segera, na basi linaloondoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi huchukua kama saa sita, pengine zaidi ikiwa foleni ya kutoka jijini ni kubwa. Mtu anayesema atakwenda Tanga na kurudi Dar es Salaam siku hiyo hiyo, huyo amekata tiketi ya kutazama dirisha la basi. Kwa hiyo ninapolinganisha siku moja kwa siku moja, ya Bagamoyo ni siku ya kwenda na kurudi, na ya Tanga ni siku iliyokaa kati ya usiku mbili za kulala huko.

Wenye kutoka kaskazini hesabu yao ni nyingine kabisa. Anayeshuka kutoka Moshi, Arusha au Lushoto hufika Segera kabla ya kufikiria Chalinze, na kwake Tanga ni mchepuo mfupi. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wa Mombasa wanaovuka mpaka pale Horohoro. Hao sina haja ya kuwashauri. Bagamoyo wataijia siku wakiwa na shughuli Dar es Salaam.

Bagamoyo kwa miguu

Mke wangu alisisitiza kwamba siku ya Bagamoyo ianzie Kaole, na katika hilo sikumpinga. Magofu hayo yako kilomita 5 hivi kusini mwa mji, na jua likishapanda hakuna kivuli cha kutosha cha kuwahifadhi wawili wanaotaka kusoma makaburi kwa utulivu. Pale pana mabaki ya misikiti miwili iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mmojawapo ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na pembeni yake pana makaburi yenye nguzo ndefu ambazo zamani zilitiwa bakuli za kauri za Kichina. Baadhi ya vyombo hivyo vimehifadhiwa katika makumbusho madogo yaliyopo hapo hapo, na mtu akivitazama kwanza kabla ya kwenda makaburini, ataelewa vile vishimo vitupu anavyoviona kwenye nguzo vilikuwa na nini.

Waongozaji wa Kaole wana kituo kimoja ambacho hawakosi kuwasimamisha watu waliokuja wawili wawili. Ni kaburi ambalo kwa masimulizi yao ni la mume na mke waliozama baharini pamoja na kuzikwa pamoja. Mpwa wangu, ambaye tangu alipofika alikuwa akipiga picha kila jiwe, pale aliishusha simu. Mkewe aliuliza kama walikuwa na watoto, na mwongozaji, badala ya kutunga jibu, akasema masimulizi aliyorithi hayafiki huko. Hatua chache mbele pana kaburi la Sharifa ambalo hadi leo watu hulijia kwa dua. Anayekaribia huvua viatu, na sarafu au ubani anaoukuta hapo haugusi. Kisha pana mbuyu mkubwa ambao inasemwa kuuzunguka kunaongeza umri, na kisima ambacho maji yake yanasifiwa kuwa hayana chumvi ingawa bahari iko karibu. Sikuuzunguka mbuyu, ila niliona kwamba walioutania zaidi ndio waliouzunguka mara nyingi.

Kutoka Kaole tulirudi mjini na kuendelea hadi Misheni ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu, upande wa kaskazini, kwa njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Wamisionari hao walifika 1868. Kanisa lao lililojengwa 1872 limebaki mnara tu, na ndio mnara ambao mwili wa David Livingstone ulilazwa tarehe 24 Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kwa muda wa miezi tisa kutoka Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Moyo wake waliuzika huko huko alikofia, kiwiliwili kikavushwa kwenda Zanzibar na hatimaye Uingereza. Nimepita mbele ya mnara huo mara nyingi, na kila mara ninaowafikiria ni wale wabebaji, ambao waliukabidhi mzigo hapo na wengi wao hawakuandikwa majina popote.

Nyuma yake kuna mbuyu uliopandwa na wamisionari wenyewe, na katika shina lake pametokeza pingili chache za mnyororo wa chuma. Inasimuliwa kwamba mama mmoja aliyeitwa Madame Chevalier alikuwa akimfunga punda wake hapo, mnyororo ukaachwa, na mti ukakua na kuumeza. Mke wa mpwa wangu alitia kidole kwenye ile pingili ya mwisho, pale chuma kinapoingia ndani ya gome, akajaribu kuitikisa. Haikusogea hata chembe. Katika yote tuliyoyaona siku hiyo, hicho ndicho alichowasimulia wazazi wake kwa simu usiku.

Mji mkongwe wenyewe unahitaji saa mbili au tatu, ukianzia Ngome Kongwe ya 1860, ukipitia Mtaa wa India wenye milango iliyochongwa, hadi Boma la Wajerumani la 1897 linaloitazama bahari likiwa limechakaa. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam, na ndiyo maana mji mdogo kiasi hiki una majengo ya serikali makubwa kiasi kile. Kabla ya hapo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ikileta pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo mimi na mke wangu hatujakubaliana mpaka leo. Ninaona kwamba siku ya wawili waliooana juzi, wenye bashasha na vicheko, hugeuka nzito mno Bagamoyo. Jina lenyewe hufasiriwa kwa njia mbili: wapo wasemao ni mahali ambapo mpagazi aliyefika pwani alitua mzigo na kuubwaga moyo kwa raha, na wapo wasemao ni mahali ambapo aliyeuzwa aliuacha moyo wake bara kabla ya kupandishwa jahazi. Mwongozaji yeyote anayejua kazi yake ataieleza tafsiri ya pili kwa urefu, na ni haki aieleze. Mke wangu husema kwamba watu wasioweza kubeba uzito huo pamoja kwa asubuhi moja wataubebaje mzigo wa miaka thelathini ya ndoa. Jibu lake ni zuri, ila nimeshuhudia wageni zaidi ya wawili wakitoka hapo wakiwa kimya na kuula mlo wa mchana bila hamu.

Kinachoirudishia Bagamoyo uchangamfu wake ni jioni. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ambayo ilianza kama chuo cha sanaa 1981, iko hapo hapo mjini, na kama wanafunzi wanafanya mazoezi, ngoma zao husikika kabla hujafika getini. Wawili wanaoweza kuchagua tarehe waulizie tamasha la sanaa linaloandaliwa hapo kila mwaka. Wiki hiyo mji hulala usiku wa manane, na vyumba vya kulala wageni hupatikana kwa taabu.

Tanga kwa chombo

Siku ya Tanga ninaianzia Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa jiji, kwa kukata kutoka barabara ya Mombasa kuelekea Kiomoni. Mapango ni kumi, ila wageni huingizwa katika moja. Yamechongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, na ndani yake mwamba umejifinyanga kwa maumbo ambayo kila mwongozaji ana majina yake: kochi, mamba, meli, mlima. Baadhi ya majina hayo yanataka imani kubwa. Lakini kuna kitu ambacho hakihitaji kuelezwa na mtu: mahali fulani katikati, mwongozaji huwaomba wote wazime tochi. Giza la Amboni halifanani na giza la usiku, ambalo siku zote lina nyota au taa ya jirani. Hapo mtu huuinua mkono wake mbele ya uso na hauoni. Nilisikia popo wakipepea juu yetu na matone yakidondoka, kisha nikamsikia mpwa wangu akiita jina la mkewe kwa sauti ya chini, na yeye akimjibu, "Nipo hapa." Tochi zilipowashwa kila mmoja alikuwa ameshika mkono wa mwenzake, na mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Ndani ya pango pana pahali pa mzimu ambapo watu bado huacha vitu vya matambiko, chupa za marashi na vitambaa, na adabu yake ni ile ile ya kaburi la Sharifa. Waongozaji pia husimulia habari za Osale Otango aliyejificha humo katika miaka ya 1950 akitafutwa na serikali ya kikoloni, na ile hadithi ya Wazungu walioingia na mbwa wao wakapotea, mbwa akaja kuonekana Kilimanjaro. Hiyo ya mbwa ninaisikia tangu nikiwa shule ya msingi, na kadiri miaka inavyokwenda mbwa huyo anazidi kwenda mbali. Vivuko vingine vya pango ni vyembamba na huhitaji kuinama au kutambaa, kwa hiyo mwenye maumivu ya magoti, mjamzito aliyekaribia siku zake, au mtu anayebanwa na pumzi sehemu finyu abaki nje chini ya miti na asione haya.

Bonde hilo la mto Sigi lina siri nyingine inayowafaa wapenzi kuliko hadithi zote za waongozaji. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu katika maduka ya Ulaya na Marekani asili yake ni mkoa huu. Jina lake la kitaalamu, Saintpaulia, linatokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala Tanga na aliyepeleka mimea na mbegu zake kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Huota kwenye mianya ya mawe yenye kivuli. Alionaye aliache mahali lilipo, maana makazi yake ya asili yamebaki machache.

Karibu na hapo pana chemchemi za maji ya moto zenye harufu ya kiberiti, zinazojulikana kwa jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Wenye muda wapite. Wenye saa chache wasihuzunike kuzikosa.

Jioni ni ya jijini. Tanga ndiko ilikoanzia reli ya Usambara mwaka 1893, na mkonge ulioletwa nchini mwaka huo huo ndio uliojenga majumba yanayoonekana kati ya bandari na Chumbageni. Bustani ya Jamhuri inaitazama bandari na kisiwa cha Toten, ambacho Wajerumani walikiita kwa neno lao la wafu kwa sababu ya makaburi ya kale yaliyoko juu yake. Katika maji hayo, Novemba 1914, Waingereza walileta jeshi la watu kama 8,000, wengi wao wakitoka India, wakashindwa na jeshi la Wajerumani na askari wao Waafrika lililokuwa na watu kama 1,000. Risasi zilivuruga mizinga ya nyuki, nyuki wakawavamia wapiganaji, na vita hiyo ikabaki na jina la nyuki. Boma la zamani la Wajerumani sasa ni nyumba ya makumbusho ya Urithi, na picha zake za kale zinatosha kumshughulisha mtu kwa saa nzima.

Kutoka hapo inafaa kuingia Ngamiani, ambako mitaa haina majina ya watu bali hesabu: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea hadi zinapovuka ishirini. Mji ni tambarare, na baiskeli ni nyingi kuliko katika mji wowote ninaoufahamu wa pwani hii. Wawili wanaoweza kuazima baiskeli wataufurahia mji huu kuliko wanaokaa ndani ya gari lenye kiyoyozi. Ngamiani ndiko palipovuma taarabu ya Black Star na Lucky Star, iliyotia gitaa na besi mahali pa fidla na ganuni, na wazee wa barazani wakiulizwa kwa adabu watamweleza kijana nani alikuwa akikaa nyumba ipi.

Tongoni, kilomita 17 au zaidi kusini, ninaiweka kwa wale watakaolala usiku wa pili. Ina msikiti wa kale na makaburi kama 40, mengi yakiwa ya nguzo zilizokwisha kuanguka, na haina makumbusho ya maana wala miti ya kumbukumbu kama Kaole. Kwa magofu, Kaole imepata ushindi ulio wazi. Hilo nalikiri mbele ya mke wangu. Faida ya Tongoni ni upweke wake: unaweza kuwa hapo asubuhi nzima mkiwa wawili peke yenu na kunguru, mkitazama miamba ambayo meli ya Vasco da Gama iliyoitwa São Rafael ilikwama 1498, na ambako mwaka uliofuata waliichoma moto wenyewe kwa kukosa mabaharia wa kutosha.

Bahari inakwenda wapi?

Sehemu hii ndiyo iliyotupatia somo, na ndiyo ambayo waandishi wa matangazo ya utalii huiruka. Watu wa Mwanza wamezoea maji yasiyobanduka. Ukikaa kwenye mawe ukalitazama Jiwe la Bismarck asubuhi, jioni utakuta ziwa liko pale pale ulipoliacha. Vijana wetu walifika ufukweni Bagamoyo saa nne asubuhi, wameshika taulo, na hawakuona bahari. Waliona uwanja mpana wa mchanga uliolowa, mashua zimelala ubavu, wanawake wameinama kwa mbali wakichokoa, na mstari wa buluu kwenye upeo. Mke wa mpwa wangu aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa, "Mjomba, maji yamekwenda wapi?" Ilikuwa siku ya bamvua, na mimi, mtu wa pwani mwenye mvi, sikuwa nimetazama mwezi kabla ya kuwaalika.

Kanuni yake ni nyepesi na inafaa katika miji yote miwili. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja au mbili zinazofuata, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa kumi jioni, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, ila kwa kiasi kidogo, na kupwa kwake jioni hakupeleki bahari mbali. Mwenye kalenda ya mwezi wa Kiislamu hahitaji kitu kingine. Tarehe mosi au kumi na tano apange magofu asubuhi na kuogelea jioni. Tarehe nane au ishirini na mbili ageuze ratiba.

Kanuni ni moja, lakini athari yake inatofautiana. Ufuko wa Bagamoyo ni wa kupanda na kushuka taratibu, hivyo maji yakipwa kuogelea hakupo. Kilichopo ni matembezi mazuri sana juu ya mchanga mgumu, na kwa wapenzi huenda hayo yakawa bora kuliko kuogelea. Tanga, kwenye rasi ya Raskazone, maji nayo hupungua, ila pale mtu hukaa juu ya ukingo, chini ya miti, akaagiza kinywaji na kuzitazama meli zikisubiri zamu, na siku haiharibiki kwa sababu ya mwezi. Wanaotaka mchanga mweupe wa kwenye kalenda wasimsumbue mtu katika miji hii miwili. Waende Ushongo, upande wa pili wa mto Pangani.

Chakula

Bagamoyo chakula kiko soko la samaki. Baada ya mnada, samaki wale wale walioshushwa asubuhi hutiwa kwenye makarai ya mafuta yanayochemka, na wawili wanaweza kuchagua samaki wao kwa kidole, wakangoja wakaangiwe, wakala wamesimama kwa muhogo na pilipili. Kamba wa huko nao wana sifa. Kwa mlo wa kukaa mezani, hoteli za ufukweni zipo na hutoza kwa kumtazama mgeni usoni.

Tanga chakula kiko kila mahali, na hapo sitaki ubishi. Asubuhi ni chai ya maziwa na mkate wa ajemi uliotoka tanuri, maana jiji hili ni la maziwa na mtindi tangu zamani. Adhuhuri ni wali wa nazi na samaki wa kupaka. Usiku ni supu ya pweza, mishikaki, na kahawa chungu kwa kashata kwenye baraza la Ngamiani. Mke wangu, ambaye amekaa Tanga miaka kumi na tisa, akipika samaki wa kupaka hupika kwa mtindo wa hapa. Nimemwonyesha aya hii na hakuipinga kwa maneno.

Fedha, na adabu kidogo

Bagamoyo ni nafuu kwa jumla kwa sababu hakuna kulala, na nauli ya kilomita 70 si ya kulinganishwa na ya kilomita 350 kwa watu wawili, kwenda na kurudi. Lakini ukiondoa nauli, Tanga kila kitu ni rahisi zaidi: chumba safi, bajaji ya nusu siku, sahani ya chakula. Viingilio vya maeneo ya kale ni vidogo kwa raia na vikubwa kwa wageni wa nje, kwa hiyo chukueni vitambulisho, na muwe na salio kwenye simu kwa sababu malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu. Bagamoyo patanani na mwongozaji bei nzima kabla ya hatua ya kwanza. Tulipatana bei ya kila mtu, tukakuta mwishoni kwamba alimaanisha kwa kila kituo, na hesabu ikawa mara nne.

Miji yote miwili ni ya Waislamu kwa wingi wao, na mambo ya mapenzi huko hufanywa kwa stara. Kushikana mikono hakumkeri mtu. Kukumbatiana barabarani kutawapatia macho mengi, na mama mtu mzima mmoja atakohoa. Khanga moja ya ziada kwenye mkoba wa mwanamke humfaa makaburini, ufukweni na kwenye basi lenye baridi.

Hukumu yangu

Mwenye siku moja kamili na anayelala Dar es Salaam aende Bagamoyo, asipoteze muda wa kuuliza. Wawili waliokwisha kujuana vizuri, wanaopenda historia na wasioogopa ukimya kati yao, nao wakaanzie hapo hata kama wana siku nyingi, kwa maana hakuna mahali pengine katika pwani ya bara ambapo mambo mengi hivyo yako karibu hivyo. Masika wasiende, kwa sababu mji wa kutembea kwa miguu ukinyeshewa hauna pa kujificha, ilhali pango halijali mvua ya nje ingawa njia yake huteleza.

Wachumba, waliooana karibuni, na wale waliochoka na kazi wanaotaka kupumzika kuliko kufundishwa, niwaelekeze Tanga na wasiwe na haraka. Sisi wenyeji tuna msemo wetu, "Tanga, waja leo waondoka leo," na husemwa kwa kejeli, kwa kuwa aliyekuja na nia hiyo aghalabu huonekana bado yupo siku ya tatu. Mpwa wangu alikata tiketi ya kurudi baada ya usiku mbili, akaenda stendi ya mabasi ya Kange kuibadilisha mara mbili.

Yeye bado anaipendelea Bagamoyo, kwa ajili ya Kaole. Mkewe yuko upande wangu, na walipopita Muheza alinunua machungwa dirishani hadi miguu yao ikakosa pa kukaa. Mwezi uliopita alimpigia mkaza mjomba wake, yaani mke wangu, kuulizia safari nyingine ya pwani watakayokuja na wazazi wake, na kabla hata ya salamu kwisha akauliza mwezi umeandama lini.